Mwanvua na Mashine Iliyochekwa Carama

Mvua imekatika karibu na alfajiri, lakini vichochoro vya Carama, mtaa wa pembezoni mwa jiji, bado vinatiririka. Saa kumi na moja imeshapita. Amri ya kutotoka nje haijaisha, na askari wa bariyeri ya njia ya Kinama hawajaliondoa gogo lao barabarani. Mwanvua ameshavaa koti la mvua la mumewe, ameshajifunga kilemba, ameshapima petroli kwa kijiti. Hana tena la kufanya, na hilo ndilo linalomtesa.

Anaizunguka mashine. Anabonyeza tairi moja, kisha jingine. Anapanda kitini, anashuka. Anafungua kifuniko cha tangi alichokifunga sasa hivi, anachungulia tena.

“Mama Chabani, kaa basi,” anasema mumewe, Moubarak, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. “Petroli haina miguu.”

“Mi nikikaa naumwa,” Mwanvua anajibu bila kugeuka.

Nyumba chache kutoka hapo, mke wa fundi mwashi ameshikwa na uchungu tangu jana jioni. Ni uzazi wake wa kwanza. Shangazi yake ameshakuja mara mbili kuhakikisha kwamba mashine ipo na Mwanvua yupo.

Mashine yenyewe ni pikipiki ya magurudumu manne, ya rangi ya kijivu, fupi, yenye sauti nyembamba kama cherehani. Watu wa hapa wanaiita kwadi. Nyuma yake limefungwa tela ambalo mafundi wa Buyenzi walilichomelea kutokana na kitanda cha chuma, na juu ya tela kuna godoro lililofunikwa plastiki. Hiyo ndiyo ambulensi ya Carama. Hakuna nyingine.

Mara gogo linapoondolewa, Mwanvua hangoji kuambiwa. Anasukuma kijiti cha mafuta kwa kidole gumba, mashine inaguna, na muda si muda anapotea kwenye kona, mke wa mwashi akiwa amelazwa kwenye tela. Moubarak anabaki na kikombe mkononi, akisikiliza mpaka sauti inapokwisha.

Mwanvua ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa Buyenzi, akaletwa Carama na ndoa. Vita vilipoanza mwaka 1993 alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na tangu hapo, anasema, hajawahi kulala usingizi wa kushiba. Sokoni Kinama anauza ndagala wakavu, samaki wadogo wa ziwani. Siku ikiwa nzuri hurudi na faranga elfu moja na mia tano. Siku ya kubeba mzazi hauzi kitu, na familia humpa walicho nacho: mihogo, sabuni, mara nyingi shukrani tu.

Kuzalisha alijifunza kwa mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu. Lakini mama mkwe alimfundisha pia jambo la pili, la kujua mpaka wa mikono yake. Mtoto akilala vibaya, mama apelekwe hospitali, basi.

Kumpeleka ndiko kulikokuwa kazi. Zamani walitumia ingobyi, machela ya kusuka inayobebwa mabegani na wanaume wanne. Katika miaka hii, wanaume wanne wakionekana wanakwenda mbio pamoja na kitu kirefu mabegani, kuna bunduki itakayowauliza maswali. Wanaume wakaacha. Magari ya wagonjwa nayo yakaacha. Dereva mmoja alipigwa risasi kwenye njia ya mashambani, na wenzake wakasema hawavuki tena Kinama.

Katikati ya mwaka jana, shirika moja la misaada lililokuwa linapunguza shughuli zake liliwaambia wanawake wa kamati ya Carama kwamba katika bohari yake kuna kwadi tatu. Moja ingekuwa yao. Waje wachague wenyewe, na waje na mtu atakayeiendesha.

Kamati haikujadiliana sana juu ya mtu. “Walisema, we ndiye usiyetulia, nenda,” anakumbuka Mwanvua. Maisha yake yote alikuwa ameendesha baiskeli tu.

Moubarak alimsindikiza. Yeye ni mpakuzi wa mizigo bandarini, anaijua Zone Industrielle, eneo la viwanda ilipo bohari, mlango kwa mlango, na alikuwa na maoni yake kabla hata hawajafika.

Mtunza bohari, Bwana Népomuscène, mtu mpole wa makamo, alizisukuma nje zote tatu akisaidiwa na mlinzi. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, kubwa, kifua mbele kama fahali. Ya pili ya njano, ya chini, iliyotengenezwa kwa mchezo. Ya tatu ni ile ya kijivu.

“Nyekundu,” alisema Moubarak papo hapo. “Hata kipofu anaona. Pale bandarini kreni ndogo inabeba unga, kreni kubwa inabeba kontena. We unataka kubeba nini?”

“Wamama.”

“Basi!”

Népomuscène alicheka, akawaambia wana asubuhi nzima ya kujaribu. Kisha akatoa onyo ambalo Mwanvua hulirudia mpaka leo kwa kila anayemfundisha: “Hii si moto, pikipiki ya magurudumu mawili. Ikianza kulala upande, usitoe mguu kuizuia. Ukigusa chini, gurudumu ya nyuma inapanda juu ya mguu wako. Miguu ibaki juu, egemea na mwili.”

Moubarak, ambaye amepanda moto tangu ujana, alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akapanda ile nyekundu, akaondoka kwa kishindo, akafika kwenye kona ya kwanza, na mguu ukatoka wenyewe. Gurudumu lilimvua kiatu. Bahati yake kiatu kilikuwa kikubwa. Alirudi akichechemea, anatafuta kiatu.

“Lakini ina nguvu,” alisema alipokipata.

Zamu ya Mwanvua. Kwenye ile nyekundu vidole vyake havikufika kwenye breki mpaka auachie usukani kidogo, na kila alipobadilisha gia mashine iliruka. Alisimama hatua chache kutoka kwenye ukuta wa magunia, jasho likimtoka. Ile ya njano ilimrukisha kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, tena haikuwa na mahali pa kufungia tela. Ya kijivu haikuwa na gia za kubadilisha. Mtu anasukuma mkono mmoja tu kwenda mbele, anauvuta kurudi nyuma. Magoti yalikunjika vizuri, breki ilishikika, na kwenye kona, alipoegemea kama alivyoambiwa, iligeuka bila ubishi.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza wanaume wote wawili. Aliizima, akashuka, akaisukuma. Ilikwenda. Akaenda kwenye ile nyekundu, akaisukuma pia, akaegemeza bega, akauma meno. Haikutikisika.

“Wao walifikiria siku ya kwenda,” anaeleza Mwanvua. “Mi nilifikiria siku ya kukwama.”

Kulikuwa na jingine. Tangu asubuhi alikuwa anawatazama wapita njia. Kila mwanamume aliyepita getini aliigeukia ile nyekundu, na wengine walisimama. Ya kijivu hakuna aliyeitazama. Mwanvua alijiuliza: kitu kinachomtoa udenda mpita njia, mwenye bunduki atakiacha?

Népomuscène hakumficha ubaya wake. “Mama, hii itabeba mutu mmoja nyuma. Wawili apana. Na kwenye kilima kirefu itakuchokea. Umesikia?”

“Nimesikia,” alisema Mwanvua. Akachagua ya kijivu.

Moubarak hakumsemesha mpaka nyumbani. Carama ilimsemesha. Watu walitoka wakiwa wamejiandaa kushangilia, wakaona kile kidude, wakaangua kicheko. “Mumetuletea kichezeo cha mutoto!” mzee mmoja alipaza sauti. Wanawake wa kamati walitazama chini.

Alijifunza kwenye uwanja wa mpira, asubuhi na mapema kabla vijana hawajaamka. Aliingia mtaroni. Aligonga goli. Kidole gumba cha kulia, kinachosukuma kijiti cha mafuta, kilivimba hata akashindwa kukamua nguo. Watu waliendelea kucheka, kisha wakachoka kucheka, kisha mzazi wa kwanza akabebwa, na wa pili, na wa tatu, na wote wakarudi na watoto.

Novemba ikaja.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. Mama Honoré, mwanamke mtu mzima anayelima nyuma kabisa ya Carama, alifika mbio akisema mkwewe, Amélie, ana shida. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, na maji yalikuwa yameshatoka. Mwanvua alikwenda huko, akamlaza Amélie kwenye tela, wakaondoka, Mama Honoré akifuata kwa miguu ameshika tela.

Hawajafika mbali, mwanamume alitokea njiani akiinua mikono yote miwili. Alikuwa Bonfils, jirani wa Mama Honoré.

“Mama Chabani! Orlane naye imeanza! Inaenda haraka!”

Orlane ni mkewe, na huo ulikuwa uzazi wake wa pili. Wa kwanza ulikuwa mwepesi. Mwanvua aligeuka akalitazama tela. Amélie alikuwa amelijaza lote, ameshika chuma kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

“Waweke wawili,” Bonfils alisema. “Walale upande. Nitasukuma mimi.”

“Haiwezi, Bonfils. Tela itavunjika, na hii mashine haitapanda. Huyu mutoto amekaa vibaya. Ngoja, nakuja. Mara moja nakuja.”

Alimwacha amesimama kwenye mvua.

Njia inayotoka mashambani inapita katikati ya mahindi. Hapo vijana watatu wenye bunduki walitoka kwenye mahindi wakasimama mbele yake. Mwanvua hakuwauliza ni wa upande gani. Mmoja alichomoa ufunguo, akaizunguka mashine, akapanda, akacheza na usukani.

“Hii ni moto ao ni mbuzi?” aliwauliza wenzake, nao wakacheka.

Walibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alitaka waichukue. Mwingine alisema itawachelewesha, haitawabeba wote watatu. Mwishowe walimrushia ufunguo matopeni. Lakini walikuwa na kidumu, na petroli yote wakaimimina humo. Wakachukua pia mfuko wenye nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, wakarudi ndani ya mahindi.

Kilichofuata Mwanvua hukisimulia huku akitembea, kwa sababu hawezi kukisimulia akiwa amekaa. Yeye alishika usukani upande mmoja, Mama Honoré akasukuma tela kwa nyuma. Matope yalifika kwenye vifundo. Amélie alisema wamshushe atembee. Mama Honoré alimkemea kama mtoto. Walisukuma, wakasimama kupumua, wakasukuma. Walipotokeza mbele ya bariyeri, askari waliwaelekezea mitutu. Kisha mmoja wao akaona kilichokuwa kwenye tela. Alitupa bunduki mgongoni, akaja akaweka mikono yake kando ya mikono ya Mama Honoré.

Lori la mchanga lilimchukua Amélie mpaka hospitali. Alifanyiwa upasuaji. Mtoto, wa kike, alilia kabla ya adhuhuri.

Mwanvua hakuwepo kumsikia. Alikuwa anakimbia Kinama, muuzaji kwa muuzaji, akitafuta petroli, kwani wengi walikuwa hawajafungua kwa sababu ya milio iliyosikika usiku. Alipoipata, akarudi mpaka kwa Bonfils, jua lilikuwa limeshaelekea magharibi.

Wanawake walikuwa wamekaa chini nje ya nyumba, wamejifunika vitenge. Walimpisha mlangoni. Aliingia, akamkuta Orlane hai, amegeukia ukutani. Mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa amechoka, kitovu shingoni, na hakupata pumzi.

Bonfils alimsindikiza Mwanvua mpaka nje. “Ile nyekundu ingewabeba wote wawili,” alisema. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Kesho yake Mwanvua aliiendesha ile ya kijivu mpaka Zone Industrielle, akamwambia Népomuscène amekuja kubadilisha. Ile nyekundu ilikuwa bado ipo. Mtunza bohari alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji ya kunywa.

“Nenda nyumbani ulale, Mama,” alisema. “Ukirudi bado unaitaka, nitakupa.”

Hakulala, na hakurudi. Aliyemzuia safari hii ni Moubarak. Yeye aliyeipigania nyekundu ndiye aliyekuwa ameshinda kutwa akiitoa matope ile ndogo, akikung’uta kichujio cha hewa, akikaza boliti za tela.

“Watu wanataka niseme nilichagua vizuri ao nilichagua vibaya,” anasema Mwanvua. “Nyekundu ingewabeba wote wawili, ni kweli. Na wale vijana wangeona nyekundu, wangeichukua, na Amélie angebaki mu mahindi. Hiyo pia ni kweli. Zote mbili ni kweli, na mi nalala nazo.”

Baada ya hapo hakutulia kabisa. Alianza kuwatembelea wajawazito kabla ya siku zao, akiwahesabia miezi, akiwasihi waliokaribia wahamie kwa ndugu walioko ng’ambo ya bariyeri. Wengine walimsikiliza. Wengine walisema Mama Chabani amepata wasiwasi.

Mwezi wa pili mwaka huu, mchana mmoja, alisikia hodi. Alifungua akamkuta Orlane amesimama peke yake. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso tangu Novemba. Mwanvua alijiandaa kutukanwa, na anakiri kwamba moyoni alitaka atukanwe, yaishe.

“Nifundishe ile mashine,” alisema Orlane.

Mwanvua alimfungulia mlango wote. Aliuliza kama Bonfils anajua.

“Anajua. Hajafurahi, lakini anajua.” Kisha Orlane akasema lile ambalo Mwanvua bado hulikatizakatiza anapolisimulia. “Siku ile nilisikia mashine mbali, nikafikiri ni wewe. Nikasema, anakuja. Ilikuwa ni moto ya mutu mwengine, ikapita. Sitaki mwanamke mwengine asikilize hivyo.”

Leo, saa nne asubuhi, Mwanvua amesharudi. Mke wa mwashi yuko hospitali, njia ya uzazi imefunguka vizuri, na tela limeshaoshwa. Hajabadilisha hata nguo zilizoloa. Yuko uwanjani, na Orlane yuko juu ya kiti.

Orlane ni mrefu, mikono yake ni ya jembe. Kwenye kona za kwanza mguu ulikuwa unamtoka kama ulivyomtoka Moubarak. Sasa hautoki. Anaegemea, anazunguka goli, anarudi. Pembeni, mbali kidogo, Bonfils amesimama ameshika kandambili za mkewe. Hamsalimu Mwanvua. Lakini mashine inapozama kwenye dimbwi, yeye ndiye anayefika wa kwanza, anaingia majini na suruali yake, anasukuma pamoja na Mwanvua bega kwa bega.

“Polepole upande wako,” anasema.

“Ndiyo,” Mwanvua anajibu. Ni maneno yao ya kwanza tangu Novemba.

Shirika linafunga bohari yake katikati ya mwaka. Népomuscène ameiambia kamati kwamba ile nyekundu inaweza kuwa ya Carama, ikiwa wataleta mwendeshaji wa pili. Wanakamati wanaitaka sana. Ijumaa wataondoka kwenda kuijaribu: Orlane, Mwanvua, na Moubarak, ambaye ameapa kuvaa buti.

Mwanvua amekataa kuchagua kwa niaba ya mtu. “Nimemwambia, usiangalie rangi. Wanaume wa getini usiwasikilize, na mimi pia usinisikilize. Kaa juu. Shika breki bila kuachia usukani. Pinda kona polepole. Halafu zima, shuka, sukuma. Ikikukatalia hata moja, iache, hata kama ni ya bure.”

Na ikimkubali?

Mwanvua anautazama uwanja, pale Orlane anapojaribu kurudi nyuma bila kuangusha goli.

“Ile mashine naiogopa,” anasema. “Lakini hiyo woga ni yangu. Yeye mikono yake inafika.”

Inshallah, anasema, zikiwa mbili, ndogo itapita njia za mahindi na kubwa itapokea kwenye barabara. Vita vikiisha, na watu wanasema vinakaribia kuisha, atatafuta wengine wawili wa kufundisha, mmoja Carama, mmoja Kinama.

Na yeye mwenyewe anataka nini? Swali linamkamata akiwa ameinama, anaondoa tope kwenye tairi. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, mikono yake inasimama.

“Nataka siku moja nisikie mutu anapiga hodi, anaita, Mama Chabani, Mama Chabani, imeanza. Na mi nikae. Nikae tu na chai yangu, kwa sababu mwengine ameshaenda.”